Masega Yasiyo na Asali

Sega kwa mtu wa kawaida ni nyumba ya asali. Jirani zetu wa Tabora wanalijua vizuri. Lakini pita gereji yoyote, iwe hapa kwetu Ibadakuli, iwe Kahama au Geita mjini, utalisikia neno hilohilo likitoka kwa kijana aliyelala chali chini ya Toyota, oili chafu imemfika hadi kwenye kope: "Braza, masega haya yameziba. Tuyatoe?"

Kijana hazungumzii nyuki. Anazungumzia kopo la chuma lililofungwa kwenye bomba la moshi, kabla moshi haujafika kule nyuma kwenye ekzosi. Ukilipasua utakuta tofali la kauri lenye vitundu mamia kwa mamia, sega tupu. Hakuna baraza lililokaa kikao kulitunga neno hilo. Mafundi walitazama, wakafananisha, wakaita. Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunafukua kamusi kutafuta maneno mazito!

Leo nataka kuandika historia ya kopo hilo. Najua wapo watakaoguna. Historia tuliyosoma shule ni ya Mirambo, Vita vya Maji Maji na Azimio la Arusha. Sawa, hiyo nayo ni yetu. Lakini kopo hili limebeba habari ya miaka mia moja ya viwanda vya magari, mafuta tunayonunua, sheria na mapafu yetu. Mdogo wangu ana pumu na nyumba yetu iko kando ya barabara, kwa hiyo naomba msinione kama naandika ili kujaza ukurasa.

Hoja yangu ni moja. Gari safi halitengenezwi kiwandani peke yake. Ni mkataba wenye saini nne: ya kiwanda, ya mafuta, ya sheria na ya mwenye gari. Mmoja akijitoa, mkataba umekufa, hata gari ling'ae namna gani.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo cha madini ya risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga na inavuta kwa nguvu. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu hiyo baada ya kupagawa. Kelele zikapigwa, zikatulia, biashara ikaendelea. Kwa miongo mingi magari ya dunia nzima yakamwaga risasi hewani, na risasi ni adui wa ubongo wa mtoto. Kiwanda kilitia saini mkataba na faida, basi.

Sheria ilichelewa lakini ilifika. Mwaka 1970, miji kama Los Angeles ikiwa imefunikwa na ukungu wa moshi, Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Watengenezaji magari walilalamika kwamba haiwezekani. Mwaka 1975 magari mengi mapya ya huko yakatoka kiwandani yakiwa na masega. Kumbe iliwezekana!

Kazi ya masega ni hii. Vile vitundu vimepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita, gesi ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani inageuzwa kuwa hewa ukaa, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa kuungua, na gesi za naitrojeni zinazochoma kifua zinavunjwa. Ili yote matatu yafanyike kwa pamoja, injini lazima ichanganye karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kabureta haikuweza usahihi huo kila sekunde. Ndipo mwaka 1976 Volvo ikaweka kwenye bomba la moshi kidude cha kupima oksijeni, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, siyo ile ya kuhesabu watu. Sensa inanusa moshi, inaiambia kompyuta, kompyuta inaongeza au kupunguza petroli.

Sasa sikiliza hapa. Risasi ikipita kwenye masega inafunika ule utando na kuyaua. Huwezi kuwa na masega halafu ukauza petroli yenye risasi. Kwa hiyo saini ya kiwanda ililazimisha saini ya mafuta.

Lakini masega hayapunguzi kiasi cha mafuta gari linachokunywa. Hilo lilitokana na kisa kingine, na kisa hicho kilitugusa hata huku kwenye pamba. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na kufikia Januari 1974 bei ya pipa la mafuta ilikuwa imetoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Nchi iliyokuwa ikinunua mafuta kwa fedha za pamba, kahawa na katani ilijikuta inauza marobota yaleyale na kupata mafuta kidogo. Mwaka 1979 bei ikaruka tena, nasi tumetoka kupigana na Idi Amin. Waulize wazee wako, watakusimulia enzi ambazo gari binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ndiyo njia tuliyokuwa nayo ya kubana mafuta: kuzima injini.

Wenye viwanda walikuwa na njia nyingine. Mwaka 1975 Marekani ilitunga sheria ya kulazimisha magari mapya yapunguze unywaji, na lengo la mwaka 1985 likawa maili 27.5 kwa galoni, yaani kama lita 8.6 kwa kilomita 100. Wajapani na vigari vyao vidogo walikuwa wameshafika huko wakati wenzao bado wanapima mabati. Magari yakapunguzwa uzito. Gia zikaongezwa. Kabureta ikaondoka, ikaingia pampu na injekta, mfumo ambao vijana wa mjini waliupokea kwa jina la EFI kama vile ni cheo.

Desemba 1997, mwezi uleule mataifa yalipokutana Kyoto kujadili joto la dunia, Toyota ilianza kuuza Prius kule Japani, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Siri yake ni breki. Gari la kawaida ukikanyaga breki, nguvu yote uliyoilipia sheli inageuka joto kwenye magurudumu na kupotea. Prius huigeuza sehemu ya nguvu hiyo kuwa umeme, ikauweka kwenye betri, ikautumia wakati wa kuondoka. Kwenye foleni injini inazimika yenyewe.

Kwa nini kunywa kidogo ni jambo kubwa? Kwa sababu kila lita ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Lita yenyewe haifiki hata kilo moja! Uzito unaozidi ni oksijeni iliyochukuliwa hewani ikashikamana na kaboni ya mafuta. Masega hayawezi kuizuia gesi hiyo. Dawa yake ni kuchoma kidogo, au kutochoma kabisa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje, na chini ya Mzee Mwinyi mlango ukazidi kufunguka. Miaka ya 1990 magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika: Corolla, Mark II, Hiace zilizokuwa daladala. Japani gari hukaguliwa kwa gharama kubwa kila baada ya miaka michache, hivyo wenyewe huona bora kuliuza. Magari yale yalishuka bandarini yakiwa na masega yake. Yakapelekwa sheli, yakajazwa petroli yenye risasi. Fikiria, mtu amekuletea chujio zuri la maji, wewe unamimina lami.

Hali hiyo haikubadilika kwa bahati. Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakakubaliana kuachana na risasi, na ilipofika Januari 2006 ukanda huu ulikuwa umeiacha. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza Julai 2021. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikaanza viwango vipya vya mafuta: kibiriti kisizidi sehemu 50 katika milioni, maana kibiriti nacho huua masega na huzidisha masizi ya dizeli. Mafuta yakawa yametia saini.

Ajabu ya Mungu, Septemba mwaka huohuo wa 2015 ikagundulika kuwa Volkswagen iliweka kwenye magari ya dizeli kama milioni 11 programu ya kudanganya: gari likiwa kwenye mtihani linajisafisha, likitoka barabarani linamwaga moshi. Ulaya na Marekani, kwenye maabara na majaji! Kwa hiyo tusijidharau sana. Saini ya kiwanda nayo inaweza kuwa ya kughushi.

Imebaki saini ya nne, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Nilimwuliza mzee mmoja fundi, mtu aliyeanza kufungua injini kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee. Kwa nini vijana wanayatoa masega?"

"Marahaba mwanangu. Yanauzwa."

"Lakini mwenye gari anaambiwa yanakula mafuta."

"Yakiziba yanakula kweli. Sasa jiulize yamezibwa na nini. Plagi mbovu, injini inayokula oili. Mtoto ana homa, wewe unatupa kipimo cha joto."

Wale wanaoyanunua hawanunui chuma chakavu. Wananunua ule utando. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda hadi ikaizidi dhahabu zaidi ya mara kumi kwa uzito uleule. Sisi wa ukanda huu, ambao tumekua tukiwaona washkaji wanatelemka mashimoni Geita na Kahama kwa kamba kutafuta punje, tumekuwa tukiviringika barabarani juu ya madini ghali kuliko hayo, kisha tunayauza kwa mshiko wa siku mbili. Wengine hawauzi, wanaibiwa gari likiwa limeegeshwa tu. Kinachobaki ni bomba tupu. Gari la mwaka 2005 linatoa moshi kama la mwaka 1965, na taa ya injini kwenye dashibodi inawaka mpaka mwenyewe anaomba izibwe na karatasi.

Na saini ya tatu kwetu? Ushuru wa ziada kwa magari makuukuu upo, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu mwaka 2007. Ila mimi mwenyewe sijawahi kuona moshi wa gari ukipimwa barabarani kwetu.

Utasema, haya yote yanakwisha, magari ya umeme yanakuja. Ni kweli yanakuja. Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Nasi hapa Ibadakuli tuna kituo cha kupoza umeme, mwisho wa ile njia kubwa ya kilovolti 400 inayotoka Iringa, kilomita 670. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115. Umeme unapita juu ya vichwa vya bodaboda wanaosubiri abiria karibu na kiwanja cha ndege, na tangi zao zimejaa petroli iliyosafirishwa kwa lori kama kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam.

Tena safari hii hatuko mbali na kiwanda. Betri ya Prius ya kwanza ilitumia nikeli, na betri nyingi za magari ya umeme zinaitumia mpaka leo. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, na mahali palipopangwa kujengwa kiwanda cha kuisafisha ni Buzwagi, Kahama, kwenye mgodi wa dhahabu uliomaliza uzalishaji mwaka 2021. Mgodi mmoja unafungwa, mkataba mwingine unaandikwa palepale.

Lakini betri huchoka. Prius za mitumba zimeshaanza kutufikia, betri zao zikiwa zimetumika miaka kumi na zaidi. Nani atazikusanya? Zitachomwa wapi? Tukiuliza baadaye, tutakuwa tumerudia kisa cha masega neno kwa neno.

Ndiyo maana nasema hii ni kazi yetu, sisi wenye kalamu, kama ilivyo ya mwanasheria na ya fundi. Siku moja kijana wa gereji atafungua betri hiyo, ataona kitu ndani yake chenye bei, ataking'oa na kukipa jina zuri kuliko lolote tunaloweza kulitunga. Siku hiyo tusiwe tumekaa kwenye kamusi. Tuwe pale gereji, daftari mkononi, tukimwuliza anakipeleka wapi.