Mtahini kutoka nje na swali la soko

Juzi msomaji mmoja wa safu hii aliniuliza: chuo kikuu kizuri ni kipi? Kabla sijajibu, akanionyesha orodha ya Webometrics kwenye simu. Ati chuo chake kimepanda! Nilicheka. Orodha hiyo, iliyoanzishwa Uhispania mwaka 2004, hutazama sana jinsi chuo kinavyoonekana mtandaoni. Darasani haiingii.

Swali lake lina historia. Mwaka 1961, Royal College ya Nairobi ilipoanza kuwatayarisha wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, mwamuzi wa ubora alikuwa London. Mwaka 1963 kikaja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 Nairobi ikasimama peke yake. Utaratibu mmoja ulibaki: mtahini kutoka nje. Mhadhiri wa chuo kingine alikuja, akasoma maswali yetu, akafungua vijitabu vya majibu, akatuambia waziwazi tulipozembea. Urafiki haukukosa kuingia humo, nakubali. Lakini mtahini huyo hakuuliza kozi inaingiza pesa ngapi.

Swali hilo lilikuja miaka ya tisini, serikali zilipokuwa zimebana mkoba. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo mwaka 1992. Nairobi ikaanzisha Module II mwaka 1998. Tusiwe wachoyo wa shukrani: walimu na makarani wengi waliokuwa wamefungiwa nje walipata shahada kwa mlango huo. Ila idara nazo ziligeuka maduka. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha 2007, Scholars in the Marketplace, ameeleza jinsi idara za Makerere zilivyogombania wanafunzi.

Mimi niliyaonja. Katika chuo kimoja nilikofundisha, nilikuwa na kozi ya Isimu Historia na Linganishi. Mtahini kutoka nje aliandika kwamba ndiyo iliyofundishwa vizuri zaidi idarani. Muhula uliofuata ikafutwa, kwa kuwa ilikuwa na wanafunzi 9. Nikapewa Stadi za Mawasiliano: watu 400, ukumbi hauna kipaza sauti. "Mwalimu, ile yako haina soko," mkubwa wangu aliniambia, na ripoti ya mtahini iko papo hapo mezani pake. Sasa nani atasahihisha insha 400 kwa wiki mbili? Nikaacha insha, nikatunga maswali ya kuchagua jibu. Alama zikapanda, wenye karo wakafurahi, na ukumbi uliofurika ukahesabiwa kuwa ushahidi kwamba tunafundisha vizuri.

Halafu Fred Matiang'i akaukaza mtihani wa KCSE. Waliopata C+ na zaidi walikuwa zaidi ya 165,000 mwaka 2015. Mwaka 2016 wakawa 88,929, na nafasi za serikali zikawatosha. Module II ikanyauka, baadhi ya matawi yakafungwa. Ualimu wetu haukuwa umebadilika hata kidogo kati ya miaka hiyo miwili. Hesabu ya wateja ndiyo iliyobadilika, na kwa kipimo tulichokuwa tumezoea, ghafla tukawa chuo kibaya.

Yule msomaji nilimwambia aende idara yoyote aulize mambo mawili: mtahini kutoka nje aliandika nini mwaka jana, na idara ilifanya nini baada ya kuisoma ripoti hiyo. Bado hajanirudia.