Fumbo la mtoni kwa mtoto mwepesi wa hesabu

MTOTO mdogo anayemaliza hesabu za darasa lake mapema huchoka akirundikiwa nyingine za aina ile ile. Mzazi wa Eldoret aweza kumpa fumbo la kale, akilihamishia Mto Sosiani: mtu avushe chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi, kimoja kimoja. Chui akiachwa na mbuzi atamla. Mbuzi naye atayala majani.

Mbuzi huvushwa kwanza, kisha chui. Hapo mbuzi hurudishwa, hatua inayowapotea hata watu wazima. Majani hufuata, mbuzi humalizia: safari 7, kwenda na kurudi.

Aulizwe pia kwa nini 5 hazitoshi. Safari 5 zingemlazimu mvushaji kurudi mtupu mara zote mbili, akimwacha mbuzi na adui au chakula chake.