Mgeni Aliyepika: Sahani ya Idd Kutoka Pwani Hadi Thika na Ruiru

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia Ramadhan nyingine. Mwezi huu tunasikia mengi kuhusu funga, tarawehe na zakatul-fitri, na ni haki yake. Leo hebu tuangalie jambo linaloonekana dogo: ile sahani ya pilau ambayo mama hufunika kwa kitambaa siku ya Idd na kumwambia mtoto, "Mpelekee jirani." Jirani mwenyewe si Mwislamu. Wengi wetu hapa Thika na Ruiru tumekua tukiibeba sahani hiyo bila kuuliza ilianza wapi.

WAGENI WALIVYOFIKA

Waislamu wa kwanza kupita sehemu hizi walikuwa watu wa safari. Kabla ya reli, misafara ya wapagazi na wafanyabiashara kutoka Pwani ilikuwa ikipanda Ukambani hadi mipaka ya Ukikuyu. Kisha Waingereza wakaanza kujenga reli Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu wengi wa Punjab. Wengi walirudi kwao, lakini karibu 7,000 walibaki.

Mwaka 1913 tawi la reli likapita Ruiru na kufika Thika. Pande zote mbili palikuwa na mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi. Nyuma ya reli walikuja wenye maduka, mafundi cherehani, wapishi, askari na wachinjaji. Ukienda miji ya bara utakuta mtaa unaoitwa Majengo: Nairobi upo, Nyeri upo, Nanyuki upo, na Thika pia. Mara nyingi huo ndio mtaa ambako Waswahili na Waislamu wengine wa mwanzo walipiga kambi wakawa wenyeji.

Sasa fikiria Idd ya mtu kama huyo. Kule Mombasa au Lamu angetoka kuswali, kisha azunguke nyumba kwa nyumba akiwasalimia shangazi, wajomba na babu, watoto wakipewa pesa za sikukuu. Huku bara shangazi yuko wapi? Mwezi umeandama, mchele uko kwenye sufuria, na majirani ni Wakikuyu, Wakamba na Wahindi. Nyumba ikitaka kujaa, itajazwa na hao hao.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kawaida tunaielewa kwamba mgeni hukaribishwa na kulishwa, na baraka yake humfikia mwenye nyumba. Huku kwetu mambo yaligeuka: aliyekuja ugenini ndiye aliyewasha jiko na kuwaalika wenye nchi. Kwa kuwaalika, naye akaanza kuhesabiwa mtu wa hapa.

MAFUNZO YALIKOTOKA

Jambo hili halikuzuliwa Thika. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alihama Makka mwaka 622 akaingia Madina. Abdullah bin Salaam, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyesilimu, amepokea kwamba katika maneno ya mwanzo aliyoyasikia kwa Mtume ni kuwahimiza watu waeneze salamu na walishe chakula. Na yule sahaba Abdullah bin Amr, alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, swali lake lilikuwa kama jirani yao Myahudi ameshapelekewa. Aliuliza hivyo kwa sababu alikumbuka jinsi Mtume alivyousiwa sana na Jibril juu ya jirani.

Kwa hivyo mama anapofunika ile sahani, anatekeleza wasia wa zamani sana.

KILICHOMO NDANI YA SUFURIA

Chakula nacho kina historia yake. Pilau na chapati zilipanda na watu wa Pwani na wa Bara Hindi. Wakati huo chakula cha Wakikuyu kilikuwa irio, githeri, viazi vitamu, ndizi na uji. Leo hebu pita Ruiru siku ya Krismasi uone kinachopikwa: chapati na pilau! Sikukuu yao imebeba chakula kilichoingia na wageni.

Nasi pia tumepokea. Mchele wa pishori tunaoupikia Idd unatoka Mwea, mbele kidogo kwenye barabara hii hii yetu. Skimu ya Mwea ilianza miaka ya 1950, na mifereji yake ilichimbwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, wengi wao Wakikuyu. Jina pishori lenyewe husemwa limetokana na Peshawar, mji wa Pakistan ya leo. Yaani katika sinia moja unakuta bizari za Pwani, jina la Bara Hindi na jasho la watu wa Mlima Kenya.

Halafu kuna jambo la nyama. Jirani Mkikuyu akiwa na harusi au ruracio, mara nyingi humtafuta Mwislamu aje achinje mbuzi, ili marafiki zake Waislamu nao wapate kula. Hakuna sheria inayomlazimisha. Anafanya hivyo kwa sababu amekaa na sisi na anajua tunachokula. Nasi tuliokaa na Wahindi wasiokula nyama tumejifunza kutenga sufuria ya mboga pembeni, na kijiko chake mbali. Heshima ya aina hii haifundishwi kwa mkutano, inafundishwa mezani.

Hata mbali na hapa imekuwa hivyo. Tarehe 9 Disemba 1805, Rais Thomas Jefferson wa Marekani alimwalika balozi wa Tunis, Sidi Soliman Mellimelli. Ilikuwa Ramadhan, basi chakula kikasogezwa kutoka saa tisa na nusu alasiri hadi jua kuzama. Na mwaka 2013 vijana wanafunzi wa London walianza kuwaalika wapita njia wa kila dini wafuturu nao. Walianza na hema tu, na futari hizo zimefika hadi uwanja wa Trafalgar.

NA SISI JE?

Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa 2012, na watu wakamiminika. Sensa ya 2009 ilihesabu kama watu 239,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu kama 490,000. Tunaishi kwenye fleti za orofa sita, geti limefungwa, na jirani wa mlango wa pili hatumjui hata jina. Idd ikifika tunapanda matatu kwenda kwa jamaa Nairobi au basi la Mombasa, na ile sahani haipelekwi tena.

Hasara yake tumeiona. Baada ya shambulizi la Westgate mwaka 2013 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, Waislamu wasio na hatia walitazamwa kwa jicho baya. Jirani aliyewahi kula kwako huuliza kwanza kabla ya kuamini uvumi. Asiyekujua ataamini chochote anachoambiwa.

Basi vijana, Idd hii tufufue. Mwambie jirani mapema, manake watu wana ratiba zao. Muulize asichokula. Msimsahau mlinzi wa geti na mama mboga. Mkiwa mezani mwacheni mgeni ale kwa raha, maswali ya dini atauliza mwenyewe akitaka. Na kama mfuko hauruhusu pilau, kaimati na chai ya maziwa zinatosha. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi aongeze maji ili majirani wapate. Hakumwambia asubiri mpaka awe tajiri.

Babu zetu hawakuwa na geti wala fleti, na wengine walikuwa na chumba kimoja tu cha udongo. Lakini walipika pakatosha. Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe majirani wema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Idd Mubarak.