Kubadilisha Amri za Malezi na Matunzo ya Watoto (Kenya)

Ni hatua ya kuiomba mahakama irekebishe amri yake kuhusu nani akae na mtoto, na nani alipe nini, pale hali ya familia inapogeuka. Msingi wake ni Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010, inayowapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la, pamoja na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001.

Amri hizi hazifungi ukurasa. Chukua mzazi wa Komarock, mtaa wa Eastlands kando ya Barabara ya Kangundo, aliyeagizwa kulipa karo na chakula kisha akaachishwa kazi. Akikaa kimya, deni linapanda na anaweza kufungwa jela ya madai. Njia salama ni kurudi katika mahakama ya watoto na ombi na hati ya kiapo, akiambatisha barua ya kuachishwa kazi na taarifa za benki au M-Pesa.

Mpaka mahakama iseme vinginevyo, amri ya awali inabaki na nguvu.

Hakimu hupima kipato cha wazazi wote wawili na mahitaji ya mtoto. Huweza pia kuagiza ripoti ya ofisa wa watoto. Ugonjwa, kuhama mji au mtoto kupuuzwa huweza kubadili malezi. Matunzo nayo huweza kuendelea baada ya miaka 18, mtoto akiwa bado masomoni au ana ulemavu.