Kutoka Namugongo hadi Mengo



Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo katika nchi ya Buganda, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto siku moja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Karoli Lwanga alikuwa kiongozi wa vijana wa ikulu. Cheo hicho alikiona si kitu mbele ya Bwana.

Mateso yakapita. Mwaka 1889 Wakristo walimsaidia Mwanga kurudi katika kiti alichonyang'anywa, nao wakagawana vyeo vya nchi. Wakatoliki wakaitwa Wafaransa, Waanglikana wakaitwa Waingereza, kwa kufuata asili ya wamisionari wao. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, wakapigana kwa bunduki, na kanisa la Rubaga likateketea. Ilikuwa haijatimia hata miaka sita tangu Namugongo.

Moto wa mfalme haukuwatenganisha, vyeo viliwatenganisha. Nasi leo hakuna atuwindaye kwa ajili ya imani. Katika raha hiyo twanuniana juu ya rangi ya sare, kwaya ipi iimbe misa ya pili, na nani aketi benchi la mbele, huku mgonjwa wa jumuiya akimaliza juma zima bila kutembelewa.

Mwaka 1964 Papa Paulo VI, alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo. Basi, kabla ya kikao kingine cha sare, twende kwanza kwa mgonjwa yule.