Kutoka mizani ya Stardust hadi roboti: nani abebe fedha za kasino?

Usiku wa tarehe 2 Mei 1957, Frank Costello, mmoja wa vigogo wa mafia jijini New York, alipigwa risasi ya kichwa kwenye ukumbi wa jengo alimokuwa akiishi. Risasi ilimparuza tu, akapona. Kilichomponza ni karatasi. Polisi walipompekua mifukoni walikuta kikaratasi chenye hesabu zilizoandikwa kwa mkono, mojawapo ikiwa jumla ya mapato ya kasino hadi tarehe 27 Aprili: dola 651,284. Wachunguzi walipolinganisha, tarakimu hizo zilioana na mapato ya Tropicana, hoteli ya kasino iliyokuwa imefunguliwa Las Vegas mwezi huohuo wa Aprili, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pale alipopigiwa risasi. Costello hakuwa na leseni ya kasino Nevada. Hakuna mlango uliovunjwa wala mlinzi aliyefungwa kamba, lakini hesabu ya ndani kabisa ya kasino ilikuwa mfukoni mwake.

Karatasi ile inafaa kukumbukwa leo, biashara ya kasino inapozungumzia roboti zinazojiendesha zenyewe kukusanya fedha. Wazo lenyewe ni jepesi kueleweka. Badala ya timu ya watu kupita na toroli alfajiri ikitoa masanduku yaliyojaa noti kwenye mashine na meza, chombo chenye kamera, vipimo vya leza na ramani ya jengo zima kinapita chenyewe, kinapokea masanduku, kinayafungia tumboni na kuyapeleka chumba cha kuhesabia. Kinanadiwa kama dawa ya ujambazi. Lakini ninavyoisoma historia ya fedha za Las Vegas, ujambazi haukuwahi kuwa ugonjwa mkuu. Kikulacho ki nguoni mwako: wizi mkubwa ulifanywa na watu waliokuwa na funguo, sare na ruhusa ya kuwa pale. Na kinga zilizofaulu zilifaulu kwa kuongeza shahidi mwingine wa hesabu, si kwa kuongeza unene wa chuma. Roboti nayo ipimwe kwa kigezo hicho: inaongeza shahidi au inapunguza?

Shaka juu ya mkono unaopokea pesa ni ya zamani kuliko kasino za Nevada. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Ohio, akiwa amechoshwa na wahudumu waliotia mfukoni malipo ya wateja, alipata hataza ya mashine ya kurekodi mauzo. Wazo alilipata melini, akiwa safarini kwenda Ulaya, alipoona chombo kinachohesabu mizunguko ya pangaboi la meli. Mashine yake ya kwanza haikuwa hata na droo ya kuwekea fedha. Haikulinda senti moja. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwa mishale, mbele ya mteja, kiasi kilichopokelewa. Ritty alikuwa amegundua jambo ambalo Las Vegas ingechukua miongo mingi kulikubali, kwamba mwizi wa ndani haogopi kufuli kama anavyoogopa hesabu ya pili asiyoishika yeye.

Nevada ilihalalisha kamari Machi 1931, na kuanzia 1945 serikali ya jimbo ikawa inatoza kodi kwa asilimia ya mapato ya kasino. Tangu hapo chumba cha kuhesabia kikawa mpaka. Dola iliyovuka mpaka huo ikihesabiwa ilidaiwa kodi na ilionekana na kila mwenye hisa. Dola iliyochomolewa kabla ya kuhesabiwa haikuwahi kuwepo kwenye daftari lolote. Kwenye mashine za sloti kulikuwa na tatizo la ziada, nalo ni uzito. Sarafu ya robo dola ina gramu 5.67. Dola 1,000 za sarafu hizo ni sarafu 4,000, karibu kilo 23, na dola milioni 1 ni zaidi ya tani 22. Kiasi hichohicho kwa noti za dola 100 ni kilo 10, mzigo wa begi la mkononi. Kuhesabu tani za sarafu moja moja kila siku kusingewezekana, hivyo sarafu zilipimwa kwa mizani na uzito ukageuzwa kuwa dola. Aliyeshika mizani alishika hesabu.

Hoteli ya kasino ya Stardust, Las Vegas, ndiyo kielelezo kikubwa cha jambo hili. Mwaka 1974 hoteli hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Argent ya Allen Glick, kwa mkopo wa dola milioni 62.75 kutoka mfuko wa pensheni wa chama cha madereva wa malori cha Teamsters, mfuko uliokuwa chini ya ushawishi wa mafia wa miji ya Chicago, Kansas City, Milwaukee na Cleveland. Mizani ya sarafu ikachezewa ili isome theluthi moja pungufu. Ziada haikutoka nje kwa magunia, hilo lingeonekana. Ilirudishwa ukumbini, kwenye vibanda vya kubadilishia fedha, ambako wateja waliokuja na noti walipewa sarafu za kuchezea. Kwa njia hiyo tani za chuma ziligeuka noti nyepesi bila kuandikwa popote, na wateja wenyewe ndio waliofanya kazi ya ubebaji bila kujua. Wakaguzi wa Bodi ya Kudhibiti Kamari ya Nevada walipovamia Mei 1976, msimamizi wa mashine za sloti alitoweka. Wizi huo ulikadiriwa kuwa angalau dola milioni 7. Ukivitazama vitabu vya hesabu peke yake, kila kitu kilikuwa sawa, kwa kuwa vitabu vilipokea taarifa zao kutoka kwenye mizani ileile.

Mafia walinaswa kwa vinasa sauti vya FBI, si kwa kufuli. Mwaka 1978 maofisa walisikiliza mazungumzo ya watu wa Kansas City wakielezwa na Carl Thomas, mtu mwenye uzoefu wa kuendesha kasino, namna mbalimbali za kuchomoa fedha na ubora wa kila moja. Februari 1979 mjumbe alikamatwa akitua Kansas City na dola 80,000 za Tropicana. Mwanzoni mwa 1986 Joseph Aiuppa na John Cerone, wakuu wa Chicago, walipatikana na hatia katika kesi ya Stardust. Wakati huohuo utaratibu wa kukusanya fedha ulikuwa ukibanwa. Ufunguo wa kulitoa sanduku mezani na ule wa kufungulia kilichomo ndani viliwekwa mikononi mwa idara tofauti. Wahesabuji walivalishwa suti za kazi zisizo na mifuko, meza za kuhesabia zikawa za kioo, na kila anayeondoa mikono mezani akatakiwa kuikunjua na kuigeuza mbele ya kamera, kiganja na mgongo. Kwa mgeni hayo yanaonekana kama udhalilishaji, lakini yanamlinda mfanyakazi mwaminifu: hesabu ikipungua, ana ushahidi kwamba si yeye.

Kisha, katika miaka ya 1990, likaja badiliko ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko roboti yoyote. Mashine za sloti zilianza kupokea noti, na kifaa kilichozipokea kilizisoma moja moja na kupeleka jumla kwenye kompyuta kuu. Miaka ya mwanzo ya 2000 sarafu nazo zikaondoka, zikachukuliwa nafasi na tiketi zenye msimbo wa mistari. Maana yake ni kwamba leo sanduku la sloti linapotolewa, kilichomo kinajulikana kabla ya mtu kuligusa. Chumba cha kuhesabia kikipata pungufu, tofauti inajulikana, pamoja na namba ya mashine. Mizani ya Stardust isingefua dafu mbele ya utaratibu huo.

Atakuja mtu aseme kwamba hayo ni mambo ya mafia, na kwamba kasino za leo ni kampuni za soko la hisa. Ni kweli, na ni nafuu kubwa. Lakini mwizi wa ndani hakuondoka pamoja na mafia. Septemba 1992 keshia wa Stardust hiyohiyo alitoka kazini na takriban dola 500,000 za fedha taslimu na chipu, na hajaonekana tena. Oktoba 1993, nje ya Circus Circus, dereva wa miaka 21 wa gari la kusafirishia fedha aliondoka nalo likiwa na karibu dola milioni 3 huku wenzake wakiwa ndani ya kasino. Alijisalimisha mwaka 2005. Linganisha na jambazi wa nje aliyeingia Bellagio na kofia ya pikipiki Desemba 2010. Alikimbia na chipu za thamani ya dola milioni 1.5, nyingi zisizobadilishika kuwa fedha, na akakamatwa katika wiki chache. Kisha tazama tukio la kasino ya Circa, Juni 2023. Tapeli alimpigia simu msimamizi wa dawati la fedha akijifanya mmiliki wa kasino, akamwagiza atoe fedha za malipo ya dharura. Msimamizi alizibeba mwenyewe kwa awamu, zaidi ya dola milioni 1, akiamini anatii amri halali.

Tukio la Circa ndilo hoja bora ya kuitetea roboti. Chombo hakidanganywi kwa sauti ya bosi, na hakiwezi kutoka nje ya njia iliyoidhinishwa kwa sababu kimehurumia au kimeogopa. Teknolojia yenyewe si ngeni. Vyombo vya kubeba mizigo visivyo na dereva vilianza viwandani na kwenye maghala Marekani miaka ya 1950, vikifuata waya. Hospitali ya Mission Bay ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, iliyofunguliwa Februari 2015, ilianza kazi na roboti 25 za kusambaza chakula, shuka na dawa, na droo za dawa hufunguka kwa mwenye idhini tu. Fedha zinaweza kubebwa vivyo hivyo. Ila mahali pa kuanzia ni kwenye meza. Mashine za sloti ndizo nyingi na ndizo zinazochosha migongo ya wakusanyaji, lakini masanduku yake tayari yana shahidi. Sanduku la meza ya karata halina. Mgawa karata husukumia noti ndani kwa kibao cha plastiki, na hadi sanduku lifunguliwe, kinachobaki ni kumbukumbu ya kamera. Roboti itakayolipima sanduku hilo uzito linapotoka mezani, ikaandika saa na dakika, ingeleta hesabu ambayo haipo sasa. Ile inayolibeba tu inabadilisha mbebaji.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema programu haihongeki. Bodi ya Nevada ilikuwa na mhandisi aitwaye Ron Harris, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua programu za mashine za kamari. Aliuchezea mfumo uleule wa ukaguzi, hivi kwamba mashine zilizopimwa nao zilipachikwa maelekezo ya siri: ukiingiza sarafu kwa mpangilio fulani, zinalipa. Programu haikuhongwa, aliyeiandika ndiye aliyekuwa mwizi, na ndiye aliyekuwa mkaguzi. Ongeza shambulio la kimtandao dhidi ya MGM Resorts, Septemba 2023, lililoanza, kwa mujibu wa taarifa za vyombo vya habari, na simu ya mtu aliyejifanya mfanyakazi, na ambalo kampuni ilisema limeigharimu takriban dola milioni 100. Roboti haipokei simu, lakini anayeiongoza anapokea. Kwa hiyo kanuni ya funguo mbili ihamie kwenye programu: anayeiandika asiikague, anayeituma asiweze kufuta kumbukumbu ya safari zake, na nakala ya kumbukumbu hiyo ifike kwa mdhibiti bila kupitia mikono ya kasino.

Kuna pia suala la ajira, na sioni haki ya kulipuuza. Wanaokusanya masanduku alfajiri ni watu wenye familia, na kuwaambia kwamba roboti inawaepusha na hatari huku ikiwaondolea mshahara si hoja ya kiungwana. Lakini hoja yenye nguvu ya kuwabakiza ni ya kiusalama, na inatoka kwenye kesi ya Harris. Januari 1995 mshirika wake alishinda dola 100,000 kwenye mchezo wa keno katika kasino ya Bally's Park Place, Atlantic City, kwa namba ambazo Harris alizipata kwa kuijua programu ya mchezo huo. Tiketi ilikuwa halali na mashine haikuona tatizo. Walioshtuka ni wafanyakazi, kwa sababu mtu aliyeshinda kiasi kile hakuonyesha furaha yoyote, hakuwa na kitambulisho na alitaka alipwe taslimu. Waliita wachunguzi wa jimbo, wachunguzi wakamfuata hadi chumba cha hoteli, na humo wakamkuta Harris.