Maneno ya Nchi katika Kisarawe na Kibaha

Wanajiografia wana maneno machache ambayo ndiyo misingi ya elimu yao: mahali, nafasi, umbali, upande, eneo, mpaka na kipimo. Imekuwa desturi kuyaeleza maneno hayo kana kwamba maana zake zilikamilika ng'ambo, na kazi iliyobakia Kiswahili ni kuzitafutia majina tu. Nchi iliyo nyuma ya mji wa Dar es Salaam, yaani Kisarawe na Kibaha, yatoa ushahidi mwingine. Huko maneno hayo yana historia ya wenyeji, na historia hiyo haipatani kila mara na vitabu vya shule.

Yafaa kuanza na pwani. Kwa asili pwani ni mahali maji yanapopwa: ni kitenzi kupwa pamoja na kiambishi -ni. Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, walakini mtu aweza kukaa Kibaha maisha yake yote asione maji yakipwa wala yakijaa. Habari ya Kisarawe ni ya ajabu zaidi. Zamani wilaya hiyo ilifika baharini upande wa Kisiju. Mwaka 1995 sehemu yake ya mashariki ilitengwa ikawa Wilaya ya Mkuranga, na Kisarawe ikapoteza bahari yake pasipo jiwe hata moja kuhama. Hata hivyo imebaki ndani ya Mkoa wa Pwani, na hapana aliyeona kosa la lugha.

Hakika si kosa. Pwani na bara hayakuwa kamwe majina ya vipande viwili vya ardhi vilivyotengwa kwa mstari. Bara ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni nchi kavu, kinyume cha bahari. Kwa nahodha aliyetia nanga Bagamoyo, vilima vya Pugu na Kisarawe vilikuwa bara. Kwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyetembea miezi mingi na pembe mabegani, vilima hivyo hivyo vilimwambia kwamba pwani imekaribia. Wote wawili walisema kweli. Maneno hayo humtaja msemaji na njia aliyojia kama yanavyoitaja nchi. Wenyeji wa ukanda unaoelekea Unguja waliuita Mrima, na lahaja yao ikaitwa Kimrima. Hilo ni jina la watu waliojiona katikati, wala si mwanzo wala mwisho wa safari ya mtu mwingine.

Nyuma ya Mrima ilikuwa Uzaramo. Hapa kiambishi U- chahitaji kuangaliwa, kwa maana kwa Mswahili wa karne ya 19 eneo lilikuwa watu kwanza: wako Wazaramo, wana Kizaramo, na nchi yao ni Uzaramo. Mipaka ya nchi ya namna hiyo ilitembea pamoja na wenyewe. Richard Burton alipoondoka pwani mwaka 1857 kwenda Tanganyika, alipita humo, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliandika Uzaramo kama alivyolisikia jina hilo vinywani mwa watu wa msafara. Mto wa nchi hiyo wasafiri wa zama zake waliuita Kingani, jina la upande wa mlangoni mwa mto, nalo likaingia katika ramani za Ulaya. Leo jina lililoshinda ni Ruvu, tena liko Ruvu jingine katika mto Pangani. Jambo hili hutukia mara nyingi: mgeni hulichukua jina la mahali alipoingilia akalitandaza juu ya mto mzima.

Waingereza walilihifadhi jina la Uzaramo wakalifanya jina la wilaya, makao yake yakiwa Kisarawe, ndani ya Jimbo la Mashariki. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 jina la kabila lilififia katika orodha za serikali, na jina la boma likashika nafasi yake. Badiliko hilo si dogo. Nchi iliyotajwa kwa watu wake ilianza kutajwa kwa nukta moja ya utawala, na mtu wa Maneromango akawa mtu wa Kisarawe kwa karatasi kabla hajawa hivyo kwa kauli. Wakati huo huo jimbo likaitwa mkoa, na neno jimbo likahamia kwenye uchaguzi wa wabunge. Msomaji wa barua za miaka ya 1950 asipoangalia atamweka mbunge palipokuwa na gavana mdogo.

Tukio jingine la namna hiyo ni la kijiji. Kwa umbo lake kijiji ni mji mdogo tu, nao mji katika nchi hizi uliweza kuwa nyumba chache za ukoo mmoja kando ya minazi na mikorosho. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kuwa kitu chenye hati, mipaka na halmashauri. Neno halikubadilika hata herufi moja.

Lakini hazina kubwa haimo katika majina, imo katika sarufi. Wanajiografia hujitahidi sana kutenga nukta inayojulikana, uwanda ulioenea, na undani wa mahali unaofahamiwa na wakaao humo. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuyatenga mambo hayo kwa pa-, ku- na m-. Soga pana kituo cha reli: pale hasa, paonyeshwapo kwa kidole. Kisarawe kuna mihogo: huko na huko, pasipo kuhesabu shamba. Msituni Kazimzumbwi mna ndege: mle ndani, ambamo aliye nje haoni. Hata neno mahali, ambalo ni la Kiarabu, lilipoingia lilipokewa na pa- likatiishwa: mahali pazuri, mahali pake. Neno lilikuwa geni, fikira haikuwa ngeni.

Katika usemi wa leo, hasa wa mjini, kuna imeenea na kuzifunika pana na mna, na waandishi wa vitabu wameifuata. Madhara yake huonekana shuleni. Mtoto wa Mlandizi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha aingiapo sekondari hukutana na fikira zile zile katika Kiingereza kana kwamba ni mpya. Lau mwalimu wake wa kwanza angalimwonyesha tofauti ya pale, kule na mle, nusu ya somo ingalikuwa imekwisha kufundishwa na mama yake.

Mpaka nao hudhulumiwa katika tafsiri. Kitabu husema mpaka hutenganisha. Lugha husema Kisarawe na Kibaha zapakana, na -na ya mwisho ni ya kutendana: hapana nchi iwezayo kupakana peke yake. Tena mtu husema alitembea mpaka Masaki, asimaanishe mstari wowote, ila mwisho wa mwendo wake. Mtawala huujua mpaka wa kwanza, mkulima huujua wa pili, na ugomvi mwingi wa mashamba na misitu ya hifadhi umezaliwa kati ya maana hizi mbili.

Kuhusu pande za dunia inatosha kusema kwamba mkulima wa Mzenga, ambaye labda hakupanda jahazi kamwe, huzitaja mbili kwa pepo za mabaharia, kaskazi na kusi. Na kwamba ramani yenyewe ilikuwa kwanza kitabu cha uongozi cha manahodha wa Bahari ya Hindi, rahmani, jina lenye asili ya Kiajemi.

Umbali ndio uliobadilika upesi kuliko yote. Maili Moja, kitongoji cha zamani kilichomezwa na mji wa Kibaha, kimeshika kipimo ambacho serikali ilikwisha kukiacha na kufuata kilomita. Reli ya Wajerumani, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 kwa njia ya Pugu, Soga na Ruvu. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, imeyarudia majina hayo hayo matatu, ila watu sasa huhesabu dakika. Na huko Kwala, katika Wilaya ya Kibaha, pamejengwa bandari kavu, iliyozinduliwa rasmi Julai 2025, ili makasha ya meli yapelekwe huko kwa reli. Bandari ni neno la Kiajemi, na kwa karne nyingi lilikuwa la mahali chombo kitiapo nanga. Sasa limepanda bara makumi ya kilomita, likapata kivumishi ambacho zamani kingalichekesha, na watunga kamusi hawana budi kuamua kama hiyo ni maana mpya au ni bandari ile ile iliyoifuata mizigo yake.